Khofu ya Siku za Uchaguzi na Haki ya Mpangaji

Tumeletewa suala na mmoja katika wanaohudhuria darsa yetu, mtu wa makamo mwenye nyumba ya vyumba sita upande wa Likoni. Asema: "Katika nyumba yangu mna wapangaji wawili wa bara. Mmoja wao amekaa nami mwaka wa kumi na moja sasa, hajanikosea kodi wala adabu. Lakini kila uchaguzi ukikaribia watu huniambia niwatoe, kwani moto ukija kwa ajili yao utaila nyumba yangu pamoja nao. Mke wangu hapati usingizi. Je, nikiwapa notisi ya kuhama kabla ya uchaguzi nitakuwa nimedhulumu, au nitakuwa nimejihifadhi mimi na watu wangu?"

Tumeona ni bora kulijibu suala hili katika kurasa hizi, kwa kuwa si la mtu mmoja. Wako wengi walio nalo moyoni ila hawana ujasiri wa kuuliza, na wengine wamekwisha kujijibu wenyewe. Uchaguzi mkuu ujao, kwa mujibu wa Katiba yetu, ni Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti 2027, yaani tarehe 10. Twaandika mapema kwa makusudi. Siku zile zikifika watu hawasomi tena. Husikiliza tu, na wakisikiacho ndicho wakiaminicho.

Kwanza, hatumcheki muulizaji wala mkewe. Khofu yao ina asili, na asili yake iko papo hapo Likoni. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Disemba, watu wenye silaha walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kile cha kivukoni. Waliua askari sita, wakachukua bunduki, wakatia moto vibanda na nyumba. Katika siku na wiki zilizofuata zaidi ya watu mia moja waliuawa, na wapatao laki moja wakayahama makazi yao, wengi wao watu wa bara: Wajaluo, Waluhya, Wakamba, Wakikuyu. Walijaa katika uwanja wa kanisa la Likoni na magodoro yao na watoto wao. Mwenye umri wa miaka arubaini leo alikuwa kijana wakati huo, na hakuyasoma haya katika kitabu. Tena usiku wa kuamkia uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 askari polisi waliuawa hapa Mombasa na huko Kilifi, na kesho yake watu wakaamka kwenda kupiga kura ilhali khabari hizo ziko masikioni mwao. Basi mtu wa pwani akiingiwa na khofu siku hizo, asiambiwe kuwa ni mwoga.

Lakini yafaa tuitazame vyema ile 1997, maana wengi huikumbuka nusu. Vijana waliotiwa silaha mikononi waliambiwa kwamba wanapigania ardhi na kazi za wenyeji. Malalamiko ya ardhi na kazi yalikuwa ya kweli, nasi hatuyakanushi. Lakini ni nani aliyeyashika malalamiko hayo akayafanya kuni? Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka wa 1998 na ripoti yake kutolewa hadharani mwaka wa 2002, iliikuta mikono ya watu wa siasa ndani ya jambo hili. Waliofukuzwa walikuwa ni wale waliodhaniwa kuwa kura zao zitakwenda upande mwingine. Na wenyeji walipata nini? Hapana shamba lililorudi, wala hapana kazi iliyoongezeka. Ulikuja msako wa polisi, vijana wakakamatwa wenye makosa na wasio na makosa, wakateswa. Wageni wakakosekana katika mahoteli ya pwani ya kusini, na mpishi na mfua nguo na dereva wa teksi, ambao ni wana wetu, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Na mwenye nyumba ambaye wapangaji wake walikimbia akabaki na vyumba vitupu. Twamwomba muulizaji wetu alizingatie hilo la mwisho, ijapokuwa ndilo dogo kuliko yote.

Liko jambo lingine katika khabari ya mwaka ule ambalo ndilo lililotufanya tuandike. Pamoja na bunduki zilikuwapo karatasi. Zilisambazwa karatasi zisizo na jina la mwandishi, zikiwataka watu wa bara waondoke. Aliyeziandika hakujulikana, na aliyeziokota alimpa mwenziwe. Sasa tumwulize ndugu yetu: hiyo notisi uitakayo kumpa mpangaji wako, ambaye hana kosa ila kabila lake na msimu wenyewe, ni nini? Maneno yake ni yale yale ya karatasi ile. Tofauti ni moja tu, kuwa hii itakuwa na jina chini yake, nalo ni jina lako.

Tuje katika darsa yenyewe. Katika Sura ya an-Nisaa, aya ya 83, Mwenyezi Mungu awalaumu watu ambao jambo likiwafikia, liwe la amani au la khofu, hulitangaza pale pale. Na lau wangelirudisha kwa Mtume na kwa wenye kuyajua mambo, wale wawezao kulichimbua wangeliujua ukweli wake. Watu wengi huifahamu aya hii kuwa yakataza kueneza khabari za kutisha. Ni kweli, lakini aya imetaja na khabari za amani. Mtu asemaye "hapana neno, mambo ni shwari, puuzeni", naye hajui lolote, amefanya kosa lile lile la asemaye "tumekwisha". Kinacholaumiwa ni kulitoa neno kabla ya kulipeleka kwa mwenye kulichunguza. Na katika Sura ya al-Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa tuhakikishe khabari tuletewayo na mtu asiyeaminika, na sababu imetajwa: tusije tukawasibu watu kwa kutojua, kisha tukabaki na majuto. Tazama ni nani aliyekusudiwa kulindwa hapo. Ni wale watu ambao khabari yawasema wao, ambao hawapo kujitetea.

Wanazuoni wa hadithi walijenga elimu nzima juu ya suala moja jepesi: umeyapata kwa nani? Na huyo aliyapata kwa nani? Alikuwapo? Msimulizi mmoja asiyejulikana akiingia katikati ya mnyororo, basi mnyororo wote hudhoofika, hata kama wengine wote ni watu wema. Nasi twaisoma elimu hii, twawataja wasimulizi kwa majina yao, twajua nani ni mkweli na nani alichanganyikiwa uzeeni. Kisha twatoka msikitini, twafungua simu, na hatuulizi kitu.

Wala hatusemi haya kwa kuwanyooshea wengine kidole. Katika zile siku za kungojea matokeo, mwezi wa Agosti 2022, sisi wenyewe tulikosea, na tukalikosea kosa hili hili tunalolisomesha. Baada ya sala ya Isha mmoja wetu alileta katika simu yake sauti iliyorekodiwa, mtu akisema kwa yakini kwamba feri itasimamishwa usiku ule, na mwenye jamaa zake ng'ambo awavushe mara moja. Tulisikiliza tukiwa tumesimama, kisha kila mmoja akaipeleka kwao. Haikupita nusu saa watu wakawa mbioni kuelekea kivukoni. Yuko mama mmoja mgonjwa aliyetolewa kitandani akavushwa kwa kubebwa, na usiku ule hali yake ikazidi. Feri haikusimama, ilivusha watu kama desturi yake. Kesho yake tulikaa tukaufuata ule mnyororo. Huyu alipata kwa yule, na yule kwa shemegi yake, na shemegi alipoulizwa akasema: "Imetumwa tu." Huyo "Imetumwa tu" ndiye msimulizi wetu asiyejulikana, nasi tulimwamini kuliko tulivyomwamini nahodha wa feri ambaye hatukwenda kumwuliza. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba kusimulia kila mtu alisikialo kwatosha kuhisabiwa ni uongo. Usiku ule tulikuwa waongo, na nia zetu zote zilikuwa njema.

Huenda msomaji akasema: basi khabari yoyote ya kutisha tuitupe. La, si hivyo. Tarehe 8 Agosti 2022, siku moja tu kabla ya kura, ilivuma Mombasa kwamba hapatakuwa na uchaguzi wa gavana kesho. Ilikuwa khabari ya ajabu, na wengi walisema ni fitna ya kuwazuia watu wasitoke. Nayo ilikuwa kweli. Karatasi za kura za ugavana wa Mombasa na wa Kakamega zilikutwa na makosa katika picha na maelezo ya wagombea, na mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi akatangaza kwa kinywa chake kuahirishwa kwake. Kura ikapigwa tarehe 29 mwezi ule. Kuhakikisha si kukanusha. Aliyekanusha bila ya kuuliza na aliyeamini bila ya kuuliza wako sawa, isipokuwa mara hii mmoja wao alibahatika.

Sasa tuseme neno juu ya zile siku za kungojea, maana ndizo zizaazo maneno mengi. Watu hudhani kukawia kwa matokeo ndiko kuletako balaa, na kila saa ikipita husema: "Wanapika." Tazameni yaliyopita. Mwaka wa 2007 kura ilipigwa tarehe 27 Disemba, matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 30, na rais akaapishwa jioni ile ile. Siku tatu tu. Na huo ndio uliofuatwa na maangamizi: watu zaidi ya 1,100 walikufa, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Mwaka wa 2022 kura ilipigwa tarehe 9 Agosti na matokeo yakatangazwa tarehe 15, siku sita, na makamishna wanne kati ya saba wakasimama mbele ya watu kuyakana. Kesi ikaenda Mahakama ya Juu na hukumu ikatoka tarehe 5 Septemba. Ulikuwa muda mrefu na mzito kuliko ule wa 2007, wala hapakuwa na maangamizi kama yale. Basi si wingi wa siku uliotuunguza. Tume ya Jaji Kriegler, iliyouchunguza uchaguzi wa 2007, ilisema kuwa hesabu zilikuwa zimeharibika hata haiwezekani kumjua aliyeshinda. Hapo ndipo penye kiini: watu waliambiwa jumla, na hapakuwa na mahali pa kuitazama hesabu yenyewe.

Leo mahali hapo papo, na twasikitika kuona ni wachache wapajuao. Kura za urais huhesabiwa pale pale zilipopigwa, mbele ya mawakala wa vyama, na kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700. Msimamizi wa kituo hujaza Fomu 34A, mawakala hutia sahihi, na nakala yake hubandikwa hadharani hapo kituoni. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo yatangazwayo huku chini ni ya mwisho, wala hayabadilishwi na mkubwa aliye Nairobi. Mwaka ule ule, tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu iliubatilisha uchaguzi wa urais, na katika sababu zake ni namna matokeo yalivyopelekwa juu bila ya kufuata sharia. Na mwaka wa 2022 Tume iliziweka picha za fomu za vituo, ambavyo vilikuwa 46,229, katika mtandao wake ili kila mtu azione. Basi mwenye wasiwasi asiende barazani. Aende katika mlango wa shule alipopigia kura, asome fomu iliyobandikwa, aipige picha, kisha aitazame ile iliyoko katika mtandao. Zikipatana, kituo chake amekijua kwa macho yake. Zisipopatana, ana ushahidi mkononi, na mahakama yaweza kuupokea. Hatusemi kwamba uchaguzi hauibiwi. Twasema kuwa mwizi wa hesabu humwogopa mwenye kusoma kuliko anavyomwogopa mwenye kupiga kelele.

Na khofu hudhuru kwa njia nyingine, ya kimya, ambayo haina moshi. Mwaka wa 2022, katika Kaunti ya Mombasa, waliojitokeza hawakufika nusu ya waliojiandikisha, nayo ikawa katika kaunti za mwisho kabisa nchini. Si khofu peke yake. Yako na kukata tamaa, na uko uvivu, tusijidanganye. (Wako wasemao kura si katika mambo ya dini, hiyo ni darsa nyingine, na wakitaka tutakaa nao.) Lakini mtu aliyempeleka mkewe na wanawe mashambani kwa kukhofia uchaguzi, amekwisha kuitoa kura ya nyumba nzima bila ya mtu yeyote kumwibia.

Turudi kwa muulizaji. Jawabu letu ni kwamba hiyo ni dhulma, na si kujihifadhi. Kujihifadhi ni haki, na ikithibiti khatari ya kweli, kwa khabari iliyohakikishwa, basi mwenye nyumba awahifadhi wote walio chini ya paa lake, na mpangaji ni mmoja wao. Amshauri, amsaidie kumpeleka mahali pa salama kwa ridhaa yake, amtunzie vyombo vyake na chumba chake mpaka arudi. Ama kumtoa kwa dhana, huku ukizuia mikono yako isichafuke, ni kumkabidhi. Kukodisha ni mkataba, nao una muda na masharti. Msimu wa siasa si katika masharti yake. Tena ni jirani. Abdallah bin Amr, sahaba wa Mtume, alichinjiwa mbuzi nyumbani kwake, na suala lake la kwanza lilikuwa iwapo jirani yake Myahudi amepelekewa sehemu, kwa yale aliyoyasikia kwa Mtume juu ya haki ya jirani. Huyo hakuwa wa dini yake, seuze wa kabila lake.

Na lau tungeiacha dini kando tukatazama manufaa tu, bado rai ile ni mbaya. Mkokoteni mmoja uliopakia kitanda na sufuria za mtu wa bara ukipita mtaani wiki mbili kabla ya uchaguzi, watu hamsini huuona. Mwenye nyumba wa pili husema: "Fulani ana khabari." Mpangaji wa nyumba ya tatu hufunga virago vyake asingoje kuambiwa. Jioni husemwa: "Watu wa bara wanahama", nalo sasa ni neno la kweli, ingawa asubuhi lilikuwa uongo. Na wale wanaongoja mtaa ugawanyike ili waingie katikati, hawakulazimika kutumia hata kiberiti.

Badala ya notisi, tulimwambia afanye haya. Akae na wapangaji wake kabla ya siku hizo, wasemezane waziwazi. Wapeane nambari za simu za mzee wa mtaa na za kila nyumba ya uchochoroni. Anunue unga na mafuta ya wiki moja kama anunuavyo kabla ya Ramadhani, asinunue ya miezi mitatu akawapandishia bei wenziwe. Na zaidi ya yote awatazame vijana wake mwenyewe: ni nani awaitaye usiku, na pesa wanazorudi nazo zimetoka wapi. Mwaka wa 1997 wazee wengi waliyajua yaliyokuwa yakifanyika misituni baada ya kwisha kufanyika.

Kabla ya kuipiga chapa makala hii ndugu yetu alirudi. Alisema amekwenda kuketi na yule mpangaji wa miaka kumi na moja, ambaye ni fundi wa kuchomea vyuma, na akamweleza yote, hata lile suala alilotuletea. Yule bwana alinyamaza, kisha akatoa simu yake akamwonyesha maneno aliyoletewa: kwamba wenye nyumba wa Kiislamu wa Likoni wamefanya mkutano na kukubaliana kuwatoa wapangaji wote wa bara. Hapana mkutano kama huo. Alipomwuliza ameyapata kwa nani, akajibu kuwa yametumwa tu. Kumbe amekwisha kutafuta chumba Changamwe, na mkewe naye kwa mwezi mzima alikuwa hapati usingizi, ukuta mmoja tu umemtenga na mke wa mwenye nyumba ambaye naye yu macho.

Chumba cha Changamwe amekiacha. Wote wawili wamejiandikisha katika shule moja, nao wamekubaliana kuwa siku ya kura watatoka pamoja baada ya sala ya Alfajiri, na wake zao watabaki na watoto wa nyumba zote mbili mpaka waume warudi. Kisha watakwenda wao, na waume watabaki na watoto.